Jumapili za Kutafuta Bikoni

Nimestaafu nikiwa na mtoto anayenyonya. Chekeni kwanza, mkimaliza tuendelee.

Kustaafu ni neno la sherehe, la wazee wanaopewa saa ya ukutani na blanketi. Mimi nimepunguzwa. Ila yule dada aliyerithi meza yangu ofisi ya ardhi pale Mpanda alinikuta sokoni akaniambia, "Dada, sisi wageni hatujui chochote. Tuandikie hata kidogo mlivyokuwa mnafanya." Nikamjibu vibaya, nikaondoka na mchicha wangu. Nilipofika nyumbani nikaona nisipoandika mimi, mtaishia kusikia ya vijiweni. Na ya vijiweni yameshaniulia mtu. Basi hii ni yenu nyie mliobaki. Ya vyeo na mishahara siyaandiki, hayakuwa ya kuandikwa.

Siku ya kwanza nilikwenda kazini na sketi ya marinda na raba nyeupe. Ndiyo nimetoka kumaliza fomu foo, miaka ya tisini imeanza anza, na nilidhani upimaji ni kazi ya kukaa mezani na rula. Wanaume walikuwa wanapakia vifaa na mnyororo wa kupimia kwenye Land Rover. Mmoja akasema, "Huyu kaja kutushikia mnyororo au tumshike yeye mkono?" Wakacheka. Sikucheka. Tulipofika porini, mwiba wa kwanza ukashika marinda, upupu ukamaliza miguu, nikawa najikuna mbele ya watu wazima kama mbwa mwenye kupe.

Aliyeniokoa ni Mzee Sadala. Alikuwa mshika mnyororo wa siku nyingi, mfupi, kofia ya kufuma haimtoki kichwani, na alikuwa ameshapima ardhi ya wilaya hii kwa miguu yake kabla wakubwa wetu hawajaota meno. Alifungua kifurushi chake akanitupia suruali. "Vaa, ni ya mwanangu. Msitu hauna adabu, usiuletee sketi." Nikavaa nyuma ya gari. Toka siku hiyo nikawa mwanawe, na sketi ile nikaifanya vitambaa vya kufutia vumbi.

Alinifundisha vitu. Kuvuta mnyororo mpaka unyooke, usiuachie ukalegea tumboni kama kamba ya nguo. Kusoma namba mara mbili, mara ya pili kwa sauti. Kuning'iniza timazi, kile kipande cha shaba kwenye uzi, na kuzuia pumzi mpaka kitulie juu ya alama. Tiodolaiti, ile darubini ya kupimia pembe, ilikuwa moja tu, inafungiwa kwenye sanduku kama maiti ya mfalme, na mimi nilikaa muda mrefu sana nabeba miguu yake kabla sijaruhusiwa kuchungulia. Nilipochungulia nikakuta dunia imepinduka, miti inaning'inia. Mzee akasema, "Utazoea. Ukizoea, utaona wenzio ndio waliopinduka."

Kesi ngumu zilikuwa za mipaka. Sitasahau ile ya Kasokola, familia mbili zinagombea shamba la mahindi, kila mmoja na panga lake, na bikoni ya kati haionekani. Kwa ambao hawajui, bikoni ni lile jiwe la zege tunalolisimika kuonyesha kona ya kiwanja au shamba, au kileleni mwa mlima kwa ajili ya ramani. Tulitafuta asubuhi nzima. Mchana nikaomba maji ya kunywa kwa mama mmoja, naye alikuwa amekaa uani anasugua visigino. Nikaangalia anachosugulia. Bikoni, na namba yake juu.

"Mama, hii umeitoa wapi?"

"Ilikuwa inakaa bure shambani, mwanangu. Na sabuni imekuwa shida."

Mzee Sadala alicheka mpaka akavua kofia. Visigino vya yule mama vilikuwa vizuri, siwezi kukataa.

Sasa nifike kwenye Jumapili.

Mzee Sadala alikuwa na mchezo wake. Wenzake siku za mapumziko walicheza bao, yeye alikwenda porini kutafuta bikoni za zamani. Si za kazini. Zile zilizosimikwa wakati wa wakoloni, nyingine na wapimaji aliowabebea mizigo alipokuwa kijana, kwenye vilima na kandokando ya reli. Hakuna aliyemtuma. Alitaka kujua kama bado zipo, basi. Siku moja akaniuliza kama nataka kwenda. Nikatoka misa ya kwanza, nikavaa ile suruali, nikaenda. Nikanogewa.

Nisiwadanganye, sijui niwaeleze vipi raha yake. Unatembea kwenye miombo, mbung'o wanakuuma kupitia shati, hakuna njia. Unachotafuta kwanza si jiwe, ni mkuza, yaani ule mstari waliofyeka wapimaji ili waone mbele. Mkuza ukiachwa, miti huota upya, ila huota yote rika moja. Kwa hiyo unasimama, unatazama mininga mizee kulia na kushoto, na katikati unaona miti myembamba imejipanga kama wanafunzi mstarini. Hapo moyo unaanza kudunda. Unaufuata. Unatafuta kovu la shoka kwenye shina, kovu lililovimba likafunga mdomo. Mwisho wake kuna rundo la mawe, au kichuguu. Kuna bikoni moja tuliikuta mchwa wameimeza nzima, imebaki pua tu. Mzee akapiga magoti akaifuta kwa kiganja mpaka namba ikatokea, halafu akaiamkia.

"Shikamoo."

"Mzee, unaamkia zege?"

"Imenizidi umri, hii. Kwetu tuna adabu."

Toka hapo na mimi nikawa naamkia. Tukishaiona tunakaa kivulini, tunakula mihogo, tunarudi. Hatukuchukua kitu na hatukuacha kitu.

Na hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Tulikuwa hatuchukui kitu, na hakuna mtu aliyeamini.

Huku kwetu watoto wanakua wakisikia kwamba Mjerumani alipokimbia vita hakukimbia na mali yake yote. Aliifukia. Dhahabu, rupia, zebaki, kila mtu na orodha yake. Na juu ya mali aliweka alama. Bikoni nyingi ziliwekwa na Mwingereza, Mjerumani ameshaondoka zamani, lakini nani anauliza? Zege ni zege, mzungu ni mzungu. Mara ngapi tulikuta bikoni imeng'olewa imelala ubavu, na shimo pembeni. Mzee alikuwa anaguna tu. Mimi nilikuwa natukana, sauti inarudi kutoka kilimani.

Mume wangu aliitwa Deus. Alikuwa anafyatua tofali pale Nsemulwa, mikono yake haikuwahi kuisha udongo kwenye kucha hata siku ya harusi. Mtu wa maneno machache na kicheko kirefu. Alinioa akijua Jumapili zangu, na mwanzoni alizichekelea. Nilipokuwa na mimba ya Leti nikapumzika kwenda porini, nilipojifungua nikarudi, mtoto mgongoni. Ndipo maswali yakaanza.

"Mama Leti, niambie ukweli. Mimi si mtu baki."

"Ukweli upi?"

"Mnatafuta nini huko na yule mzee?"

"Bikoni."

"Mkishaipata?"

"Tunaitazama."

"Halafu?"

"Tunarudi nyumbani."

Akacheka mpaka machozi. "Jamani, hata mlevi hadanganyi hivyo. Mtu aache kulala Jumapili, aumwe na mbung'o na mtoto mchanga mgongoni, akatazame saruji?"

Mwaka ule maneno ya kupunguzwa wafanyakazi yalishafika ofisini. Kila asubuhi mtu anaingia na jina jipya. Mimi nilikuwa wa mwisho kuajiriwa na nilikuwa na mtoto mchanga, sikuhitaji mpiga ramli. Deus aliogopa kuliko mimi. Mvua ikianza tofali hazikauki, tanuru halichomwi, na mke naye anarudishwa nyumbani. Hakulalamika. Aliacha tu kucheka, akaanza kukaa kijiweni na watu waliokuwa wanazungumzia Mjerumani.

Kuna kilima upande wa Kasokola, na juu yake ilikuwepo bikoni kubwa ya zamani. Tuliipenda kuliko zote. Vijana wakaing'oa. Chini yake, ndani ya udongo, wakakuta chupa ya kioo imesimikwa kichwa chini.

Deus alirudi na habari ile kama mtu aliyemfumania mkewe. Hakukasirika, alifurahi, na hiyo ndiyo iliyoniuma.

"Si ulisema chini hakuna kitu? Kuna chupa!"

"Ile chupa ni ya wapimaji, Baba Leti. Waliifukia makusudi. Bikoni ikivunjwa juu, unachimba kidogo, unakuta chupa, unajua ni hapahapa. Ni kwa ajili ya kutopoteza mahali."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua kuna chupa!"

"Umeona? Umejua miaka yote, umenyamaza."

"Ningesema nini? Chupa tupu?"

"Mtaalamu anasema ile ni kufuli. Mali iko chini yake."

Mtaalamu huyo alitokea upande wa Majimoto na pikipiki na miwani ya jua, haiondoi hata kivulini. Nilimwona mara moja. Alinisalimia kwa heshima kubwa, "Shikamoo mama", mimi mtoto mdogo kwake. Nikajua ni mwongo.

Nilimpeleka Mzee Sadala nyumbani amweleze Deus mwanaume kwa mwanaume. Nikapika ugali na migebuka. Mzee akala, akanawa, akasema, "Mwanangu, nimebeba chupa zile mwenyewe. Bwana mpimaji anakunywa bia yake, chupa ananipa mimi, kesho yake tunaifukia chini ya bikoni. Wallahi hakuna kingine pale. Udongo na jiwe. Na ule udongo ni mbaya, juu kichanga, chini umelegea. Usiingie."

"Nimekuelewa, baba," Deus akasema. Akamsindikiza mpaka barabarani, amembebea na mwamvuli.

Akarudi, akavua viatu, akasema taratibu, "Mzee wa watu ana heshima sana. Lakini na wewe, ungekuwa yeye, ungenionyesha?"

Niliongea, nililia, nilifunga sururu yake ndani ya kabati la ofisi. Nilimwambia nitarudi kwetu na mtoto. Akasema, "Nenda kapumzike kidogo, ukirudi utanikuta na habari." Kwa sauti ya upole kabisa. Nyie wenye waume wakali hamjui. Mkali unaweza kupigana naye. Deus alikuwa ananihurumia kwa sababu aliamini niliapishwa siri na ofisi.

Mvua ilikuwa imeshashika, na Deus na mwenzake wa kijiweni walikuwa wanachimba kule kilimani. Nilikuwa mezani nachora, Leti amelala kwenye kanga chini ya dirisha, akaingia mwanaume wa Kasokola, baiskeli ameitupa nje, matope mpaka kifuani. Hakubisha hodi. Alinitazama mimi, halafu mtoto, halafu akamtazama Mzee Sadala.

"Mzee, njoo na huyu mama. Lile shimo limeshuka."

Dereva alitupeleka bila kumuuliza bosi. Tulivyopanda kilima watu walikuwa wamezunguka, wanachimba kwa majembe, kwa masufuria, kwa mikono. Mwenzake Deus alikuwa amewahi kutoka, amekaa pembeni anarudia, "Aliniambia nipande kwanza. Aliniambia nipande kwanza." Shimo lilikuwa refu kuliko kisima. Fundi tofali mzima, mtu anayeujua udongo, lakini machimbo ya tofali yanaishia kiunoni.

Walimfikia jioni jioni. Alikuwa amesimama. Udongo ulimkuta amesimama ukamshika hivyohivyo, mkono mmoja juu. Nikawaambia wamtoe polepole bega la kushoto, lina maumivu ya zamani. Kuna mtu akaniangalia kama nimechanganyikiwa. Labda.

Mkitaka kujua hasira yangu inatoka wapi, haikutoka kwenye shimo. Ilitoka msibani. Nimekaa kwenye mkeka na wanawake, nasikia wanaume nje. "Mali ya Mjerumani haitoki bila kafara." "Sasa imeshakula mtu, iko karibu." Mnaelewa? Mume wangu kufa hakukuwafundisha kwamba chini hakuna kitu. Kifo chake ndicho kilichowaonyesha kwamba kipo. Na wengine walinong'ona kwamba mimi ndiye niliyemtoa, ndiyo maana nilikuwa nikizunguka porini na mtoto mchanga nikitafuta pa kumpeleka baba yake. Nilitaka kuinuka. Mama yangu akanikalia kwenye kanga, kwa uzito wake wote.

Siku ya kuondoa matanga, Patrisi, kaka yake mkubwa Deus, akaniita pembeni ya nyumba. Mtu mzima, katekista, alilia kwenye jeneza kuliko wote. Akanishika mkono.

"Shemeji, pole sana. Mungu atakutunza wewe na mtoto."

"Amina, shemeji."

"Eti," akateremsha sauti, "marehemu alikuwa amefikia wapi?"

Sikumwelewa. Nikadhani anauliza ya kiroho.

"Chini, shemeji. Alikuwa ameshafika kwenye jiwe?"

Nilichomjibu sitakiandika, Leti atakuja kujifunza kusoma.

Kesho yake nilimpitia Mzee Sadala, tukapanda kilima na majembe kwenda kulifukia lile shimo. Yeye alikuwa na mfuko. Tulipofika akatoa ndani yake tepu, timazi, na chupa ya soda iliyooshwa ikang'aa. Kandokando ya kilele kulikuwa na alama zilizochongwa kwenye miamba, wapimaji wa zamani waliziacha ili mahali pa bikoni paweze kupimwa upya. Akaanza kupima, peke yake, anakimbilia huku anashika, anarudi kule anavuta, magoti yanalia. Nikamwangalia. Ni kazi tuliyofundishwa. Bikoni ikipotea, unarudisha alama.

"Mzee, usiweke."

"Mwanangu, tukifukia bila alama, hapa patapotea."

"Papotee."

"Hujui unachosema. Ramani nzima ya huku inashika hapa."

"Mimi nimepoteza mume hapa. Watachimba tena, watakuta chupa nyingine, watasema mnaona, kufuli jipya. Papotee, baba."

Sikuwahi kumwita baba hata siku moja. Alikaa juu ya mwamba na chupa mapajani. Alikuwa ameitumikia ile kazi maisha yake yote kwa ajili ya jambo moja, pasipotee mahali. Akaizungusha chupa. Halafu akairudisha mfukoni, akatema mate viganjani, akashika jembe.

Tulifukia mpaka mchana. Mimi nilitupia, yeye alishindilia. Barua ya kunipunguza ilipofika wiki chache baadaye, nilitia sahihi bila kuisoma. Kazi mimi niliiacha kule kilimani, siku ile. Mzee Sadala naye hatafuti tena. Siku za Jumapili anacheza bao kama wengine, nasikia anafungwa sana.

Kwa hiyo nyie mliobaki, mkitumwa kutafuta ile bikoni ya Kasokola mkaikosa, msihangaike kumlaumu mchwa. Na mkienda porini, msiende kimyakimya kama sisi. Mchukueni mwenyekiti, wachukueni vijana, chimbueni chupa mbele yao, waishike. Hawatawaamini. Fanyeni hivyohivyo.

Baada ya mvua nilirudi kule na mtoto mgongoni. Nilitaka kuona kama majani yameota. Shimo lilikuwa limefunguliwa, pana kuliko mwanzo, na ndani wanaume wawili wanarushia udongo juu. Nilikuwa siwafahamu. Mmoja akainua kichwa.

"Dada, umepotea njia?"

"Tokeni."

"Hee! Kwani shamba lako?"

"Tokeni humo ndani."

"Huyu naye katumwa na wenzake waje wachukue wao," akamwambia mwenzake, wakacheka. "Nenda kanyonyeshe, mama."

Nikafungua kanga, nikakaa ukingoni kabisa, miguu inaning'inia shimoni, nikanyonyesha. Udongo ukawa unadondoka kidogokidogo kutoka chini ya mapaja yangu, unawaingia machoni.

"We mwanamke, toka ukingoni! Utatuangushia udongo!"

"Najua."

"Una wazimu? Una mtoto!"

"Baba yake alitolewa hapo uliposimama wewe. Hapohapo, ulipoweka mguu wa kulia."

Yule aliyekuwa anacheka akautazama mguu wake, akausogeza. Wakatoka, mmoja baada ya mwingine, hawakunitazama usoni, wakabeba sururu zao wakashuka kilima.

Kesho yake nilisikia wamerudi. Nikamfunga Leti mgongoni, na mimi nikarudi.